Msituni hakuna VAR: Mbio za dira na siku dhahabu ilipoachwa njiani

NA MWANDISHI WETU

AGOSTI 2009, msituni karibu na mji wa Miskolc, Hungary. Ni mbio za kupokezana za wanaume, mashindano ya dunia, mkondo wa mwisho. Mbele kuna wanaume wanne: Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Martin Johansson wa Sweden, Anders Nordberg wa Norway na Michal Smola wa Jamhuri ya Czech. Medali zipo tatu, wao wako wanne. Kila mmoja ana ramani na dira mkononi, na kila mmoja ana nchi nzima inayomsubiri.

Kule kwenye eneo la kumalizia, mashabiki wana bendera zao na macho yote yako ukingoni mwa msitu. Wanasubiri mmoja wa wale wanne achomoze. Hachomozi. Anayetokea ni Matthias Merz wa Uswisi, na Uswisi inabeba dhahabu.

Wale wanne wamekwenda wapi?

Jibu lipo, lakini tulia kwanza. Nikikupa sasa hivi utasema "safi sana" halafu utafungua ukurasa wa usajili. Ili ujue walichokiacha mle msituni, lazima kwanza ujue mchezo wenyewe unachezwaje.

UNAPEWA RAMANI, NJIA TAFUTA MWENYEWE

Mchezo unaitwa orientiringi. Kwa lugha nyepesi ni mbio za ramani na dira. Waandaaji wanaficha vituo msituni, kila kituo kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe. Vituo vimechorwa kwenye ramani kwa viduara vyenye namba. Unatakiwa uvipitie vyote kwa mpangilio, namba moja, mbili, tatu, hadi mwisho. Ukifika kituoni unagusisha chipu uliyoivaa kidoleni, mashine inarekodi. Ukiruka kimoja tu, hata kama umewaacha wenzako dakika kumi, umetolewa mchezoni.

Kati ya kituo na kituo hakuna njia uliyopangiwa. Unataka kupanda kilima moja kwa moja? Panda. Unataka kuzunguka kwa barabara, mbali zaidi lakini tambarare? Zunguka. Atakayemaliza kwa muda mfupi ndiye mshindi. Na ramani yenyewe unaikamata pale unapoanza, sio jana yake hotelini. Hakuna cha kukariri.

Chimbuko lake ni jeshini, huko Skandinavia, mwishoni mwa karne ya 19. Mbio za kwanza zilizofunguliwa kwa raia zilifanyika Norway, Oktoba 31, 1897. Mwaka 1919 ofisa wa jeshi la Sweden, Ernst Killander, aliandaa mbio kubwa nje kidogo ya Stockholm na kukusanya washiriki zaidi ya 200. Lengo lake lilikuwa kuwarudisha vijana kwenye riadha, nao walivutika. Ndiyo maana hadi leo anaitwa baba wa mchezo huu. Shirikisho la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961 na nchi 10. Mashindano ya kwanza ya dunia yakapigwa Fiskars, Finland, mwaka 1966.

Kama unadhani ni mchezo wa watu wachache wenye miwani, tazama Finland. Kila Juni kuna mbio za kupokezana zinazoitwa Jukola, zimekuwepo tangu 1949. Kila timu ina wakimbiaji saba, wanaanza saa tano usiku, taa kichwani, maelfu ya watu wakizama msituni gizani kwa mkupuo. Watu wanalala kwenye mahema, wanakula, wanashangilia hadi asubuhi. Ukiondoa miti, ni dabi.

KONTUA ZIMERUDI

Waliopita sekondari wanakumbuka usomaji wa ramani kwenye Jiografia. Zile kontua. Wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha chumba cha mtihani. Huku kontua ndiyo mkate wa mtu.

Ramani ya mbio za msituni huwa kwenye kipimo cha 1:10,000 au 1:15,000. Kwenye ile ya kwanza, sentimita moja kwenye karatasi ni mita 100 ardhini. Kwenye ya pili ni mita 150. Mistari ya kahawia ndiyo kontua, na kwa kawaida kutoka mstari mmoja hadi mwingine umepanda au umeshuka mita tano. Ikibanana, ujue unakutana na ukuta. Ikiachana, ni tambarare. Bluu ni maji. Nyeusi ni miamba, njia na majengo. Njano ni eneo la wazi.

Mgeni hunasa kwenye nyeupe na kijani. Nyeupe sio uwanja mtupu, ni msitu ambao unaweza kukimbia ndani yake bila shida. Kijani sio nyasi, ni vichaka. Kijani kikikolea zaidi ujue hapo hupiti, unatambaa. Mgeni akiiona kijani anafurahi kama ameona uwanja wa Mkapa. Dakika mbili baadaye shati limechanika.

Sasa weka yote hayo kwenye kichwa cha mtu anayekimbia. Mbio ndefu za wanaume kwenye mashindano ya dunia hupangwa mshindi atumie kati ya dakika 90 na 100. Ni mechi nzima pamoja na nyongeza, huku unaruka magogo, unapanda milima na unasoma maandishi madogo kwenye karatasi. Pumzi ikikata, kichwa nacho kinakata. Hapo ndipo makosa yanapoanza, kama beki wa kati dakika ya 88.

DIRA RUKSA, GPS HAPANA

Kila msimu mpya ukianza picha za mazoezi zinatoka na mtaani swali ni lile lile: mbona wachezaji wamevaa sidiria? Sio sidiria bana. Ni kikoti chenye kifuko mgongoni, na ndani yake kuna kifaa cha GPS. Kinapima umekimbia kilomita ngapi, kwa kasi gani, umekurupuka mara ngapi. Tangu mwaka 2015 watunga sheria za soka waliruhusu vifaa hivyo kuvaliwa hata kwenye mechi. Kocha anafungua kompyuta anakuta kiungo wake katembea badala ya kukimbia. Hakuna pa kujificha.

Kwenye mbio za dira nao wanavaa kikoti kama hicho kwenye mashindano makubwa. Tofauti ni moja: kifaa ni cha watazamaji, sio cha mkimbiaji. Mashabiki wanaona kwenye skrini kijidoti cha kila mtu kikitembea juu ya ramani. Wanaona kijidoti kikipotea, kikizunguka, kikirudi kilikotoka. Wanashika vichwa. Mwenye kijidoti chake yuko kule peke yake, hajui lolote.

Sheria imenyooka. Vitu vya kukuongoza ni ramani uliyopewa, maelezo ya vituo na dira. Basi. Saa yenye GPS unaweza kuvaa ikurekodie mbio zako, mradi haionyeshi ramani na hauitumii kutafutia njia.

Kwa nini? Kwa sababu GPS inalijibu swali ambalo mchezo wenyewe unakuuliza. Simu yako inapokea mawimbi kutoka satelaiti zilizo takribani kilomita 20,000 juu yetu. Ikipata angalau nne, inapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia njiani na kujua uko wapi. Ni kazi kubwa na haina kubahatisha. Ila chini ya miti minene au kwenye bonde lililobanwa na miamba mawimbi yanadhoofika na yanadundadunda, kijidoti kinaanza kuruka kama mlevi. Na betri ikiisha, mchezo umeisha.

Tuseme haijaisha. Tuseme kijidoti kimetulia pale pale ulipo. Bado kimekwambia uko wapi tu. Kupanda au kuzunguka, kukimbia au kusimama usome upya, hilo ni lako. Namba zile za kikoti nazo ni hivyo hivyo: zinakwambia kiungo amekimbia kilomita 11, hazikwambii kama alikimbilia panapostahili.

MTI MMOJA MBELE YAKO

Dira yenyewe haina makuu. Sindano yake inavutwa na usumaku wa dunia, upande mwekundu unatazama kaskazini. Haihitaji chaji, haihitaji bando. Ile ya kisasa yenye kibao cha plastiki angavu chini na duara linalozunguka ilitengenezwa Sweden miaka ya 1930, na haijabadilika sana. Wakimbiaji wa kiwango cha juu wengi wanatumia ndogo inayofungwa kwenye kidole gumba, ili gumba hilo hilo libaki limekaa juu ya ramani pale walipo. Kila wakisogea msituni, gumba linasogea kwenye karatasi.

Matumizi yake unaweza kujifunza leo. Weka ukingo wa kibao kwenye ramani, kutoka ulipo hadi unakokwenda. Zungusha duara mpaka mistari yake ilale sambamba na mistari ya kaskazini iliyochorwa kwenye ramani. Iinue, ishike bapa mbele ya kifua. Zunguka wewe mwenyewe, miguu na kiwiliwili, mpaka sindano nyekundu ikae ndani ya mshale wake. Unakotazama ndiko.

Usikosee hapa: usitembee huku unaitazama sindano. Utajikwaa na utapinda. Inua macho, chagua mti mmoja ulio kwenye mstari huo, uendee. Ukiufikia, pima tena, chagua mwingine. Mti kwa mti mpaka umefika.

Wazoefu wana ujanja mwingine. Wanatafuta kitu kirefu cha kukishikilia, mto, uzio au njia, wanakwenda nacho ubavuni kama winga anayekwenda na chaki. Kituo kikiwa kando ya mto, hawakilengi chenyewe. Wanalenga makusudi mita kadhaa kushoto kwake. Wakiufikia mto wanajua bila kubahatisha kwamba kituo kiko kulia. Aliyelenga moja kwa moja akafika mtoni asikione, ataanza kujiuliza: kulia au kushoto? Dakika tatu zimekwenda.

Ila kosa linaloua watu wengi zaidi halina uhusiano na dira. Uko kwenye kilima cha pili, wewe umeshaamini uko cha kwanza. Unaona jiwe, unasema ndilo lile la kwenye ramani, japo la ramani liko upande mwingine. Unaona bonde, unalikubali, ingawa limepinda tofauti. Unailazimisha ramani ikubaliane na wewe. Tunaujua ugonjwa huo sisi. Ni yule shabiki mwenye kalamu wiki ya mwisho ya ligi: sisi tushinde tano, wale wafungwe, wale wengine watoke sare, tunapanda. Wataalamu wa msituni wana dawa moja, na inauma. Simama. Kubali umepotea. Rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo.

KICHWA KIKITANGULIA MGUU

Kama bado unaona hili halina uhusiano na soka, msikilize mtafiti mmoja wa Norway, Geir Jordet. Amerekodi viungo wa Ligi Kuu ya England, sio miguu yao bali vichwa vyao. Alihesabu mara ngapi mchezaji anageuka kuchungulia kabla mpira haujamfikia. Waliokuwa wanachungulia sana ndio waliofikisha pasi nyingi za mbele. Yaani pasi ile unayoishangilia ilishapigwa kichwani sekunde mbili kabla.

Mkimbiaji wa dira anafanya hivyo hivyo. Akiwa anakwenda kituo cha nne, tayari anasoma njia ya kwenda cha tano. Akigusisha chipu hasimami kuwaza, ameshaondoka. Gueorgiou alikuwa bingwa wa hilo. Kauli mbiu yake inajulikana na kila mpenzi wa mchezo huu: kasi kamili, bila kosa. Ametwaa ubingwa wa dunia zaidi ya mara 10. Ukimtaja kwa wenzake ni kama kumtaja Messi kijiweni. Wapo wa kubishana, ila wanabishana kwa heshima.

SENTIMITA 12

Sasa turudi Miskolc.

Ili uelewe mzigo aliokuwa nao Gueorgiou siku ile, rudi nyuma mwaka mmoja tu. Mashindano ya dunia 2008, Olomouc, Jamhuri ya Czech. Mbio zile zile za kupokezana, mkondo ule ule wa mwisho. Gueorgiou anaongoza. Nyuki anaingia mdomoni na kumuuma. Mtu anayekimbia kwa kasi ile, mdomo wazi akitafuta hewa, anaanza kukabwa na uvimbe. Mbio zikaishia hapo. Ufaransa ikarudi nyumbani bila ile dhahabu.

Kwa hiyo 2009 alikuwa na deni. Yuko kwenye kundi la mbele tena. Halafu Johansson, yule Mswidi, anaanguka na kijiti kinamwingia pajani. Sentimita 12. Chukua rula ya mtoto wa shule uitazame urefu huo, kisha utazame paja lako.

Hebu kaa kwenye viatu vyao. Msituni hakuna mwamuzi, hakuna VAR, jukwaa liko mbali. Mwenzako yuko chini, naye ni mpinzani wako. Akibaki pale, mnabaki watatu kwa medali tatu. Sheria za mchezo zinasema kila mshiriki ana wajibu wa kumsaidia aliyeumia, lakini sheria ni karatasi na ukipita hakuna filimbi itakayolia.

Gueorgiou akasimama. Nordberg akasimama. Smola akasimama.

Na ujue kumsaidia mtu msituni sio kumpulizia dawa ya baridi halafu machela inaingia. Hakuna machela. Mtu lazima ajue yuko wapi hasa kwenye ile karatasi, njia ya karibu iko upande gani, na watakaokuja watamfikiaje majeruhi. Dunia nzima walikuwa wanaume wachache sana wanaojua kusoma msitu kuliko hao watatu. Ujuzi ule ule waliokuwa wanautumia kuwania dhahabu, wakautumia kwa Johansson.

Ndiyo maana mashabiki walisubiri ukingoni mwa msitu na hakutokea mtu waliyemtarajia. Waswisi walipita na kushinda kihalali, hakuna wa kuwalaumu. Johansson alipelekwa hospitali na akapona.

Sisi wa soka tuna siku yetu ya namna hiyo. Juni 12, 2021, Copenhagen, Christian Eriksen alipodondoka na nahodha wake Simon Kjær akakimbia kumhudumia, wenzake wakamzunguka kumkinga na kamera. Dunia nzima iliona, na ilistahili kuona. Kule Miskolc hakukuwa na uwanja uliojaa watu kuwazunguka. Walikuwa wao na miti.

DENI LIKALIPWA

Miaka miwili baadaye, 2011, mashindano ya dunia yalikwenda Savoie, Ufaransa. Nyumbani. Mbio za kupokezana za wanaume, Ufaransa ilipanga Philippe Adamski, François Gonon na mkondo wa mwisho akapewa yule yule. Safari hii nyuki hakuja, wala hakuna aliyeanguka. Gueorgiou akatoka msituni wa kwanza, mbele ya watu wake, Ufaransa ikachukua dhahabu iliyomkwepa 2008 na aliyoiacha mwenyewe 2009.

Ukifungua kumbukumbu za matokeo ya 2009 utakuta Uswisi juu, kama inavyotakiwa. Ufaransa, Norway na Jamhuri ya Czech hazipo kwenye medali.

Gueorgiou alistaafu kukimbia mwaka 2017. Haikuchukua muda akapewa kazi ya kufundisha timu ya taifa. Sio ya Ufaransa. Walioanza kumwita kocha ni Sweden, nchi ya Johansson.